Vibao vya mpira vya kuinulia chuma: miezi saba ya kujifunza dedilifti upya

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na hakuna siku mtu aliniambia huko kuinama kwenyewe kunafanywaje. Nimejifunza nikiwa na miaka 42, baada ya kiuno kunishika nikiwa na chuma cha kilo 60 mikononi. Kilichonifundisha ni kifaa ninachotaka kukieleza hapa: vibao sita vya mpira mgumu vinavyowekwa chini ya sahani za uzito ili chuma kianzie juu kidogo ya sakafu. Nimevitumia miezi saba, mara mbili kwa wiki, isipokuwa wiki mbili nilizougua.

Kwa asiyeijua, dedilifti ni kuokota chuma kilicholala chini, yaani nondo ndefu yenye sahani za uzito kila ncha, kusimama nacho mpaka magoti na nyonga zinyooke, kisha kukirudisha kilipokuwa. Ni hilo tu. Na kwa kuwa ni hilo tu, watu wengi hudhani halina mafunzo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashinda nimeinamia kitambaa, na tepu ya kupimia hainitoki shingoni. Nilijiunga na jimu kwa sababu mgongo ulikuwa unachoka kabla ya saa sita mchana, na mwalimu wa pale akanipa dedilifti wiki ya pili. Maelekezo yake yalikuwa mawili: kifua juu, shuka zaidi. Nikashuka zaidi. Katika rudio la nne chuma kilinitoka mbele ya miguu, kiuno kikajikunja, nikasikia kitu kinavutika upande wa kulia juu ya makalio. Siku tisa sikuweza kufunga kamba za viatu bila kukaa chini.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea aliniuliza kwanza maswali ya kutisha. Je, kuna ganzi inayoshuka mguuni? Mguu umelegea? Kuna ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani? Mkojo au haja kubwa vinakutoka bila kujua, au mkojo unakataa kutoka? Alinisisitizia kwamba dalili hizo za mwisho ni za kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, wala si za kungoja hadi kesho. Nawaandikia kwa sababu kabla ya hapo sikuwahi kuzisikia, nami nilikuwa nabeba vyuma. Sikuwa na hata moja kati ya hizo. Akaniambia nitembee, nisilale kitandani siku nzima, na baada ya wiki sita akaniruhusu kurudi mazoezini. Ila kabla sijatoka akauliza swali moja zaidi: chuma kilikuwa juu kiasi gani kutoka sakafuni?

Sikuwa na jibu. Mimi ninayepima kila kitu sikuwa na jibu.

Nilirudi pale jimu na tepu yangu. Sahani za kilo 10 nilizokuwa nimewekewa, zile za chuma tupu, zilikuwa na kipenyo cha sentimita 29. Kwa hiyo chuma, kinachopita katikati ya sahani, kilikuwa sentimita 14 na nusu kutoka chini. Sasa linganisheni na hili: sahani kubwa zinazotumika katika mashindano ya kunyanyua vyuma ya Olimpiki zina kipenyo cha milimita 450, na ndiyo maana chuma chao hulala sentimita 22 na nusu juu ya sakafu. Tofauti ni sentimita 8. Bingwa mwenye sahani kubwa anainama kidogo kuliko mgeni mwenye sahani ndogo. Yaani aliye dhaifu kuliko wote, mwenye nyonga ngumu kuliko wote, ndiye anayepelekwa chini kuliko wote, na hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Ni ukubwa wa sahani tu ulioamua.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta namna ya kuinua chuma, na nikaagiza vibao hivi.

Sandukuni kuna vipande sita, yaani jozi tatu. Kila kipande kina urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na unene wa 4. Nimevipima vyote: vitano ni 4 kamili, kimoja kimepungua kama milimita moja, nacho nakiweka chini kabisa. Uzito ni karibu kilo 5 kila kimoja, kwa hiyo sanduku zima si la kubeba kwa mkono mmoja. Chini kuna vinundu na juu kuna vishimo, vinashikana vikipangwa. Ncha mbili zimeinuliwa kama kingo ili sahani isivingirike na kuondoka. Chumba changu cha kushonea kina kona ya nyuma, na huko ndiko nilikoweka chuma cha kilo 20 na sahani zangu ndogo, zenye kipenyo kilekile cha 29.

Hesabu ni nyepesi. Jozi moja inaleta chuma kwenye 18 na nusu. Mbili zinaleta 22 na nusu, kimo cha mashindano bila kupungua wala kuzidi. Tatu zinaleta 26 na nusu.

Karatasi ya maelekezo inasema anza na jozi zote, ongeza uzito kadiri unavyoweza. Hilo nalipinga. Ukianzia juu, mgongo unasimama wima zaidi, safari inakuwa fupi, na utajikuta unaweza kubeba kilo nyingi ambazo mikono, kiuno na mishipa havijazizoea. Mashindano ya watu wenye nguvu yana hata kipengele cha kunyanyua kutoka kimo cha inchi 18, na uzito unaobebwa hapo unazidi ule wa kutoka sakafuni. Kwa mwanafunzi huo ni mtego. Vibao ni vya kukupa nafasi ya kukaa sawasawa, wala havikupi ruhusa ya kupakia. Vilevile sanduku limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni kinga ya mgongo. Natamani wangeyafuta maneno hayo. Hakuna mpira unaokinga mgongo wa mtu anayevuta vibaya.

Kimo changu nilikipata kwa fimbo ya ufagio. Unaiweka mgongoni ikigusa sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Magoti unayalegeza kidogo, kisha unasukuma makalio nyuma kama unayefunga mlango kwa makalio huku mikono imebeba mizigo. Nyonga ndiyo bawaba. Ubao wa mlango haupindi, bawaba ndiyo inayozunguka, na mgongo ufanye kama ubao. Pale fimbo inapoachana na mojawapo ya sehemu zile tatu, hapo ndipo mwisho wako wa leo. Nilisimama papo hapo, nikashusha mkono mmoja, binti yangu akapima kutoka sakafuni hadi katikati ya ngumi: sentimita 25. Nina urefu wa sentimita 174 na sehemu kubwa ni miguu. Basi nilikuwa nimehitaji chuma kiwe juu ya 25, nami nilikuwa nakiokota kwenye 14 na nusu. Sentimita kumi zote zile zilikuwa zinatolewa kiunoni.

Nikaanza na jozi tatu na kilo 40, seti nne za marudio matano, yaani awamu nne za kunyanyua mara tano. Nyongeza ilikuwa kilo mbili na nusu kwa wiki, sahani moja ya kilo moja na robo kila upande, ingawa si kila wiki niliongeza. Sharti langu lilikuwa video: rudio la mwisho lifanane na la kwanza. Simu naiegemeza ubavuni, kwenye kimo cha nyonga, hatua kama tatu kutoka kwangu. Ukiiweka chini sakafuni au mbele yako inakudanganya, kiuno hakionekani. Wiki ambayo rudio la mwisho lilipinda, uzito ulibaki palepale wiki iliyofuata.

Nieleze kidogo kinachotokea pale juu ya vibao, kwa maana hapo ndipo thamani ya kifaa hiki ilipo. Ukiwa sakafuni na nyonga ngumu, akili yote inakwenda kwenye kufika. Unahangaika kukishika chuma, na ukishakishika umekwisha kupoteza umbo. Chuma kikiinuliwa unafika mapema, na unabaki na utulivu wa kupanga mambo mengine. Nilipata kusikia miguu yangu kwa mara ya kwanza. Chuma kinatakiwa kiwe juu ya katikati ya unyayo, na unyayo wote uhesabiwe, kuanzia kisigino hadi ncha ya vidole, si ile sehemu inayoonekana mbele ya ugoko. Ukisimama wima hapo, ugoko na chuma vinaachana vidole viwili hivi. Unashika, ndipo unaupeleka ugoko mbele mpaka uguse. Wengi wanafanya kinyume: wanakivuta chuma kije mguuni, na kwa kukivuta wanaharibu mahali pake.

Kisha kwapa. Hili lilinichukua wiki tatu. Chuma kisipobanwa karibu na mwili kinakwenda mbele, na kila sentimita kinayoachana nawe inaongeza kazi ya kiuno, kwa sababu mwili wako wote unakuwa mkono wa wenzo. Shika pasi nzito karibu na kifua, halafu inyooshee mbele: uzito ni uleule, bega ndilo linalokujulisha tofauti. Tiba niliyoipata iko kazini kwangu. Mikono ikiwa na shughuli, kitambaa nakibana kwapani. Nikaanza kuvuta kana kwamba nimebana kitambaa kila upande na sitaki kianguke. Misuli ya ubavuni ikakaza, na chuma kikaanza kupanda kikinisugua mapajani. Vaeni suruali ndefu.

Pumzi nayo ni ya tumboni. Unavuta hewa mpaka tumbo lijae mbele, ubavuni na mgongoni, unakaza kama anayengojea kupigwa ngumi, na unaishikilia mpaka chuma kipite magoti. Tumbo lililojaa linaushika uti wa mgongo kwa ndani. Lakini kubana pumzi namna hiyo kunapandisha shinikizo la damu kwa muda ule, na kwa hiyo mwenye tatizo la shinikizo, au mwenye ngiri, au mjamzito, aongee na daktari wake kwanza. Mkanda wa ngozi sijaununua. Mkanda unafanya kazi pale tumbo linaposukuma dhidi yake, na mimi bado najifunza kusukuma.

Kabla ya kunyanyua, kuna mlegeo wa kuondoa. Chuma kina mwanya kidogo ndani ya matundu ya sahani, na viungo vyako vina ulegevu wake. Vuta taratibu bila kunyanyua mpaka usikie kile kimlio cha chuma kikigusa sahani kwa juu, mikono imenyooka kama kamba. Kutoka hapo usivute tena. Sukuma sakafu kwa miguu. Ajabu ni kwamba neno hilo moja, sukuma badala ya vuta, lilinyoosha mgongo wangu kuliko maelekezo yote ya kifua juu. Ukifika juu, simama tu. Kujipinda nyuma kana kwamba unaonyesha ushindi ni kukibana kiuno bure. Kushuka: makalio yatangulie nyuma, chuma kipite magoti, ndipo magoti yakunjike.

Na hapo kwenye kushuka ndipo kasoro ya kwanza ya vibao hivi. Mpira unadunda. Ukishusha haraka, sahani zinaruka, na rudio linalofuata linakuwa la kudundisha badala ya kunyanyua. Anayetaka kujifunza lazima atue, aachie pumzi, ajipange upya, avute tena. Mimi nilikuwa nahesabu mbili kimyakimya kila chuma kinapotua. Wanaotumia vibao vya mbao ngumu hawana tatizo hili, ingawa mbao zina kelele.

Kasoro ya pili ni upana. Sentimita 30 zinatosha sahani ikishuka wima, lakini ukishusha chuma kimekaa upande, sahani inatua ukingoni na kibao kinasogea. Ilinitokea mara mbili katika mwezi wa kwanza. Upande mmoja ukatua mapema, chuma kikazunguka mikononi. Sikuumia kwa sababu zilikuwa kilo 45. Tangu siku hiyo nimebandika utepe sakafuni kuonyesha mahali pa kila kibao, na napima pande zote mbili kutoka katikati ya chuma kabla ya seti ya kwanza. Kwenye vigae laini vinateleza kama kuna vumbi, na chumba cha kushonea hakikosi vumbi la pamba, kwa hiyo nafuta chini kwa kitambaa kibichi. Harufu ya mpira ilikuwa kali siku tano za mwanzo. Nilivianika kivulini nje.

Kabla ya vibao nilijaribu kulaza sahani nyingine chini ya zile za chuma. Usifanye hivyo. Sahani juu ya sahani inavingirika, na kuna kidole cha mtu hapo. Jimu nyingi zina fremu yenye vyuma vya usalama ambavyo unaweza kuegemeza chuma kwenye kimo unachotaka. Inafaa, ila chuma kinalala kwa katikati yake badala ya kulala kwa sahani, hivyo kinapoondoka kinahisi tofauti. Kuna pia chuma cha pembe sita, ambacho unasimama ndani yake na mishikio iko ubavuni. Al Gerard, mnyanyuaji wa Marekani aliyekuwa na matatizo ya mgongo, alibuni chuma cha mwanzo cha namna hiyo katika miaka ya 1980, na mantiki yake ni ileile ya pasi: uzito unakaa kwenye mstari wa mwili badala ya mbele yake. Kwa mtu ambaye hana haja ya chuma kilichonyooka, naona hicho ni bora kuliko vibao vyangu. Na kama bado hamjanunua sahani zozote, tafuteni zile nyepesi za mafunzo, za kilo 5 lakini zenye kipenyo kamili cha sentimita 45. Zitawatoa kwenye shimo la 14 na nusu tangu siku ya kwanza. Vibao vinabaki na kazi kwa yule ambaye hata 22 na nusu bado ni chini kwake, kama nilivyokuwa.

Nilikaa kwenye jozi tatu wiki sita, nikafika kilo 52 na nusu. Nilipoondoa moja nilirudi hadi 45, kwa hiari, kwa kuwa kimo kipya ni zoezi jipya. Wiki kumi hapo, mpaka 67 na nusu. Sasa niko kwenye jozi moja, sentimita 18 na nusu, na Jumamosi iliyopita nilivuta kilo 77 na nusu mara tano, fimbo ya ufagio ingekaa mgongoni mwangu mwanzo hadi mwisho. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kuna watu wameniambia kwamba kuinua chuma ni kudanganya, eti dedilifti ni ya sakafuni. Nimewauliza sahani zao zina kipenyo gani.

Kufika 14 na nusu sina mpango. Kimo hicho hakikuwekwa na mtu yeyote aliyefikiria mgongo, na nimekwishavuka kile cha mashindano.

Ningenunua tena? Ndiyo, nikijua nitavifuta vumbi na kuvipima kila siku ya mazoezi. Asiye na subira ya kupima asinunue, maana vikikaa vibaya ni hatari kuliko sakafu tupu. Aliye na maumivu yanayoshuka mguuni naye aonwe kwanza na mtaalamu.

Jozi mbili ambazo sizitumii sasa ziko kwa dada yangu mkubwa, ana miaka 58. Yeye hataki chuma. Anaweka juu yake ndoo ya maji ya lita 10, anashika mshikio kwa mikono miwili, anasukuma makalio nyuma, anasimama nayo mara nane, asubuhi na jioni. Wiki iliyopita alinipigia akasema, mdogo wangu, njoo na tepu yako, nadhani moja inaweza kuondoka. Nikaenda, nikampima, tukaiondoa.